Saini Milioni Moja, Lakini za Wapi? Mwongozo wa Kukusanya Saini za Kurekebisha Katiba kwa Hesabu ya Kaunti

Mara ya kwanza nilipoketi kwenye meza ya kukusanya saini ilikuwa Githurai, Jumamosi asubuhi, fomu zimewekewa jiwe zisipeperushwe kila matatu inapopita. Tulikuwa tunasajili chama cha siasa (jina lake tuliache, kilikufa kabla hakijatambaa), na sheria ilitutaka tupate wanachama wasiopungua 1,000 waliosajiliwa kupiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Mimi nikapewa Nairobi. Nikaona nimepewa mteremko. Watu wamejaa, kila mmoja ana kitambulisho mfukoni, elfu moja nitawakosaje?

Kufikia saa saba mchana fomu zilikuwa zimejaa. Jioni tulipozilinganisha na sajili ya wapiga kura, zaidi ya nusu ya majina yangu hayakuwa ya Nairobi. Wengine walikuwa wa Kiambu, maana Githurai 44 iko Nairobi na 45 iko Kiambu, na watu huvuka kutoka huku kwenda kule kama wanavuka ua wa jirani. Wengine Murang'a, Machakos, Kisii. Mama mmoja muuza mboga nilimkumbuka sura. Nilikuwa nimemuuliza, "Mama, wewe ni wa wapi?" akanijibu ni wa hapa hapa, miaka ishirini sasa. Nikaandika Nairobi. Wiki iliyofuata nikarudi kibandani kwake.

"Mama, kura yako huwa unapigia wapi?"

"Kura? Aa, kura iko nyumbani, Emuhaya. Hapa ni kutafuta tu, kijana wangu."

Hilo la pili ndilo swali nililopaswa kuanza nalo. Yanayofuata yametokana na kosa hilo, na ni kwa yeyote hapa Nairobi anayefikiria kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa saini za wananchi wenyewe. Saini huhesabiwa pale mtu alipojisajili kupiga kura. Pale aliposimama akishika kalamu hapahesabiki.

Hatua ya kwanza: soma Kifungu cha 257, kisha rudi nyuma usome cha 255

Kifungu cha 257 kinaruhusu marekebisho ya Katiba kuanzishwa na wananchi yakiungwa mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. Unaweza kuanza na pendekezo la jumla au na rasimu kamili ya mswada. Ukianza na pendekezo, kazi ya kuligeuza kuwa rasimu ni yako pia. Rasimu na saini zake unazipeleka kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Tume ikiridhika kwamba milioni imetimia, inaipeleka rasimu kwa mabunge yote 47 ya kaunti, nayo yana miezi mitatu ya kuamua.

Sasa tafuta neno "kaunti" kwenye sehemu inayohusu saini. Halimo. Kwa maandishi ya Katiba, unaweza kukusanya saini zote milioni bila kupita Mlolongo, yaani bila kutoka Nairobi. Kwenye uchaguzi wa 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, na Nairobi peke yake ilikuwa na 2,415,310. Zaidi kidogo ya wawili kati ya kila watano hapa jijini wangekutosha.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Kaunti hazikuondolewa kwenye safari, zimesogezwa mbele tu, na zinakusubiri mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye mabunge ya kaunti: lazima mengi yao, yaani 24 kwenda juu, yaipitishe rasimu kabla haijaingia Bunge la Taifa na Seneti. Mara ya pili ni kwenye kura ya maamuzi. Kama rasimu yako inagusa mambo yaliyotajwa kwenye Kifungu cha 255(1), kwa mfano ukuu wa Katiba, eneo la nchi, Sheria ya Haki, muhula wa rais, uhuru wa Mahakama, kazi za Bunge au muundo wa ugatuzi, hakuna njia ya kukwepa debe. Na hata kama haigusi, Bunge la Taifa au Seneti ikishindwa kuipitisha, inakwenda kwa wananchi. Huko, mbali na wanaoiunga mkono kuwa wengi kuliko wanaoipinga, ni lazima angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti. Nusu ya 47 ni 23 na nusu. Nusu kaunti haiko, kwa hiyo wewe hesabu 24.

Kwa hiyo, saini zako zipange kwa kaunti tangu siku ya kwanza ingawa hakuna aliyekuagiza.

Hatua ya pili: jua jinsi wengine wanavyogawa, usije ukaiga kibovu

Kila baada ya muda husikika sauti ikisema milioni moja bila mgawanyo ni mlango wazi, kwamba saini nazo zipimwe kwa kaunti. Ukitaka kuingia kwenye mjadala huo, jua kwanza kwamba sura ya Katiba inayohusu marekebisho imo kwenye orodha ya 255(1). Kubadilisha sharti la saini kwenyewe kunahitaji kura ya maamuzi. Halafu jua kuna namna kadhaa za kugawa, na si zote zina uzito mmoja.

Namna ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini katika idadi fulani ya maeneo. Hii ndiyo iliyozoeleka Marekani, ambako kila jimbo lina katiba yake na baadhi huruhusu wananchi kuibadilisha. Ohio inataka saini sawa na asilimia 10 ya kura za ugavana kwa jimbo zima, na katika kaunti 44 kati ya 88 zisipungue asilimia 5. Nebraska inataka asilimia 10 ya wapiga kura wote, na asilimia 5 katika kaunti 38 kati ya 93. Florida haitumii kaunti, inatumia maeneo ya uwakilishi wa Kongresi, na inataka nusu yake. Romania imechanganya namba kavu na maeneo: watu 500,000, watoke katika angalau nusu ya kaunti za nchi, na kila kaunti miongoni mwa hizo iwe na saini zisizopungua 20,000. Sharti letu la wagombea urais linafanana na hilo la Romania: waungaji mkono 2,000 kutoka kila moja ya kaunti 24.

Namna ya pili ni kudai kila eneo, bila kuacha hata moja. Tangu 2016, Colorado inataka asilimia 2 ya wapiga kura katika kila moja ya maeneo yake 35 ya seneti. Ufilipino inataka asilimia 12 ya wapiga kura wote na angalau asilimia 3 katika kila eneo bunge, na majaribio yake mawili makubwa, la 1997 na la 2006, yote yalizimwa na Mahakama ya Juu. Sharti la namna hii linampa kila eneo kura ya turufu. Eneo moja likikataa kusaini, au likiwa mbali mno kufikiwa, shughuli imekwisha. Mwaka 2023 wabunge wa Ohio walitaka kutoka kaunti 44 wafike zote 88. Wakazi wakaitwa kupiga kura mwezi wa Agosti, wakakataa.

Namna ya tatu ni kuweka dari badala ya sakafu, na hapa Mississippi ina kisa cha kusimulia. Katiba yao ilisema hakuna eneo la Kongresi litakalotoa zaidi ya moja ya tano ya saini zinazotakiwa. Wakati huo maeneo yalikuwa matano, kwa hiyo tano mara moja ya tano, hesabu inafunga. Baada ya sensa ya 2000 jimbo likapoteza eneo moja, yakabaki manne. Nne mara moja ya tano ni nne ya tano. Tangu hapo hapakuwa na njia yoyote ya kufikisha saini zote. Watu waliendelea kukusanya hivyo hivyo, na mwaka 2020 wakapitisha kwa kura nyingi marekebisho ya kuruhusu bangi ya matibabu. Tarehe 14 Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sharti halitimiziki, ikayafuta, na njia nzima ya wananchi ikafungwa pamoja nayo.

Kisa hicho nakirudia kwa kila anayeniambia tugawe saini kwa maeneo bunge. Maeneo bunge yetu 290 ni mali ya mipaka, na mipaka hubadilika. Mapitio yaliyotakiwa kukamilika kufikia Machi 2024 yalipitwa na muda wake. Kaunti 47 angalau zimeorodheshwa ndani ya Katiba yenyewe. Ukilazimika kufunga hesabu yako mahali, ifunge kwenye kaunti.

Namna ya nne ndiyo inayotufanana. Uswisi inataka saini 100,000 ndani ya miezi 18, zitoke popote. Lakini kwenye kura, wengi wa wananchi hawatoshi, lazima pia wengi wa majimbo yao wakubali. Tarehe 29 Novemba 2020 pendekezo la kuwawajibisha wafanyabiashara wakubwa lilipata asilimia 50.7 ya kura na bado likaanguka, kwa sababu majimbo mengi yalisema la.

Maoni yangu, uyachukue au uyaache: sharti la saini kwa maeneo humuumiza maskini kuliko tajiri. Mwenye pesa atakodi vijana katika kaunti 24 kwa wiki moja. Kikundi cha watu kumi na wawili kinachokutana ukumbi wa kanisa huko Umoja kitakwama kwenye nauli ya Marsabit. Afadhali ilivyo kwetu, saini ziwe huru na majaribio ya kaunti yaje baadaye hadharani, ambako unaweza kujibu hoja kwa hoja. Ila uhuru huo usikulevye.

Hatua ya tatu: jiwekee kima chako cha kila kaunti

Chukua takwimu za sajili za IEBC, ziweke kwenye jedwali la kompyuta, kaunti 47 zikishuka chini. Safu ya pili, wapiga kura. Safu ya tatu, asilimia 5 yake. Ukijumlisha asilimia 5 ya kaunti zote kwa sajili ya 2022 unapata 1,106,000 na ushee, milioni yako na akiba kidogo. Nairobi inakuangukia 120,000 na kitu. Lamu, yenye wapiga kura 81,453, inakuangukia 4,073 tu.

Hizo ni saini safi, na zinazokusanywa hazifanani na zinazokubaliwa. Mwaka 2016 mpango wa Okoa Kenya, wa upinzani uliotaka kurekebisha Katiba kwa njia hii hii, ulipeleka saini takriban milioni 1.6. IEBC ilipomaliza kuhakiki, zilizofaa zilikuwa 891,598. Ni kama 56 kwa kila 100, na milioni ikakosekana. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, ili ubaki na milioni safi unahitaji kukusanya karibu milioni 1.8. Ndiyo maana safu ya nne ya jedwali langu huwa asilimia 8: Lamu 6,516, Nairobi 193,000 na zaidi, jumla yake karibu milioni 1.77.

Kaunti zote 47 hutazifikia kwa nguvu sawa, usijipe moyo bure. Chagua 30 za kupigania kweli, ili sita zikikuangusha bado una 24. Na ndani ya hizo 30 usiweke kubwa tupu. Kwenye bunge la kaunti na kwenye sharti la asilimia 20, Lamu ni kaunti moja na Nairobi ni kaunti moja. Hapo wingi wa Nairobi haukusaidii chochote.

Kwa uzoefu wangu karani anayeuliza maswali vizuri hapiti saini 80 kwa siku. Gawa milioni 1.77 kwa 80 uone siku ngapi. Makarani 200 watakula karibu siku 110. Kifungu cha 257 hakijakuwekea siku ya mwisho ya kukusanya, lakini saini zinazeeka: watu hufa, huhamisha kura, husahau walisaini nini.

Hatua ya nne: itumie Nairobi kama mlango wa kaunti nyingine

Hapa ndipo kosa langu la Githurai lilipogeuka mtaji. Kama nusu ya waliosaini mezani kwangu walikuwa wapiga kura wa kwingine, basi meza moja ya Nairobi inaweza kujaza fomu za kaunti kumi kwa siku bila nauli ya basi. Unachohitaji ni kuuliza na kutenganisha.

Weka meza watu wanaposubiri, maana anayekimbilia kazini hakusikilizi. Country Bus Ijumaa jioni. Nyamakima kwa wanaokwenda Nakuru na Nyahururu. Tea Room kwa wa Meru, Embu na Nyeri. Eastleigh kwa mabasi ya Garissa, Wajir, Mandera na Moyale. Wiki ya kufunga shule na siku za kabla ya Krismasi zina thamani ya mwezi mzima wa kawaida, ingawa vurugu za mizigo zitakuchosha. Vyama vya watu wa nyumbani, vile vya kuzikana na kuchangiana karo, hukutana Jumapili alasiri. Mwone mwenyekiti wiki moja kabla, umweleze rasimu yako inasema nini, usimvamie na fomu.

Kwenye steji za mpakani, yaani Githurai, Mlolongo, Rongai, Kitengela, kila karani awe na fomu za kaunti mbili mkononi.

Na tafadhali, kaunti usiibahatishe kwa jina la mtu. Nimemwona karani akimwandika Kamau kuwa wa Kiambu bila kuuliza, kumbe mzee ni wa Mpeketoni, kura yake Lamu, na saini za Lamu tulikuwa tukizitafuta kwa tochi. Mbali na kupoteza hesabu, ni kumvunjia mtu heshima.

Hatua ya tano: fomu

Karatasi moja, kaunti moja. Ukichanganya kaunti kwenye karatasi moja utalia mwishoni.

Juu kabisa andika jina la rasimu na maelezo mafupi ya inachobadilisha, kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu aliyesimama juani. Kila karatasi iwe nayo. Usiyaweke kwenye karatasi ya kwanza peke yake, maana mtu anayesaini karatasi isiyo na maelezo hajui anachokiunga mkono, na mahakamani atasema hivyo hivyo. Chini yake safu: majina kamili yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho au pasipoti aliyojisajilia, eneo bunge, wadi, kituo cha kupigia kura kama anakikumbuka, tarehe, saini. Chini kabisa jina la karani na namba ya karatasi.

Mistari kumi inatosha. Ukiweka ishirini na tano, mwandiko utakuwa wa kuchokora, na namba ya kitambulisho isiyosomeka ni saini iliyokufa. Kwenye mwandiko wa haraka 1 na 7 ni mapacha. Waambie makarani wenyewe ndio waandike namba, mtu aweke saini tu.

Namba hizo za vitambulisho ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama nyinyi ni watu watano na meza moja ya plastiki. Usipige picha ya fomu kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili kujionyesha mmefikisha ngapi. Fomu zilizojaa zilale kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana.

Hatua ya sita: maswali matatu mezani

"Umejisajili kupiga kura?" "Mara ya mwisho ulipiga kura kituo gani?" "Ulishasaini fomu hii mahali pengine?"

Kwa mpangilio huo. Swali la pili liulize kwa jina la kituo, usiulize kwa kaunti. Watu husahau wadi, lakini shule ya msingi waliyopanga foleni tangu alfajiri hawaisahau, na kutoka kwenye shule hiyo wewe utaijua kaunti. Asiye na uhakika, mshukuru umwache aende. Anayetaka kumsainia mumewe aliyeko kazini, mkatalie kwa upole. Ataudhika kidogo na yatapita.

Wakumbushe makarani pia kwamba kuna jicho la umma. IEBC ilipotoa orodha ya waungaji mkono wa BBI (mpango wa kurekebisha Katiba uliotokana na maridhiano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga) kwenye tovuti yake Januari 2021, walijitokeza watu waliolalamika kuona majina yao ilhali hawakusaini chochote. Fikiria jirani yako akijikuta kwenye orodha yako.

Hatua ya saba: safisha kila jioni

Usingoje fomu ziwe elfu. Kila jioni watu wawili wakae, mmoja asome, mwingine aingize kwenye jedwali. Kompyuta ikuonyeshe namba ya kitambulisho iliyojirudia, na itajirudia, kwa sababu kuna watu husaini kila meza wanayoiona kwa ukarimu tu. Futa ya pili. Mstari usio na saini, futa. Karatasi yenye saini kumi za mkono mmoja, ita karani muongee pembeni. Kisha jaza safu ya tano ya jedwali lako kuu: saini safi kwa kaunti hadi leo. Rangi nyekundu kwa walio chini ya nusu ya kima. Kesho meza zinahamia kwenye nyekundu.

Kulipa makarani kwa kila saini ni kukaribisha saini za kubuni. Walipe kwa siku.

Hatua ya nane: IEBC, halafu mabunge ya kaunti

Peleka masanduku yamepangwa kwa kaunti, kila sanduku na orodha yake, na nakala ya kompyuta juu. Omba stakabadhi inayotaja idadi ya karatasi ulizokabidhi. Kazi ya tume ni kuthibitisha kwamba milioni ya wapiga kura waliosajiliwa wako nyuma yako. Mpangilio wa kaunti unaifanya kazi hiyo iwe nyepesi, na ukiambiwa saini fulani zimekataliwa utajua ni za wapi.

Hakikisha pia karatasi zote zinamtaja mwanzilishi yule yule, na awe mwananchi kweli. BBI ilikuwa na saini zaidi ya milioni 1.1 zilizothibitishwa, mabunge ya kaunti zaidi ya 40, na kura za Bunge la Taifa na Seneti. Bado ilisimamishwa, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia hii ya wananchi.

Kisha ndiyo inaanza kazi ambayo watu huidharau. Mwaka 2019 mswada wa Punguza Mizigo ulivuka kwa IEBC na saini 1,222,541. Saini hazikuwa tatizo. Ulipofika kwenye kaunti, bunge baada ya bunge likautupa, na haukukaribia 24. Ulipendekeza kupunguza idadi ya wabunge na gharama za uongozi, jambo ambalo mwananchi wa kawaida hulipenda, lakini wanaopiga kura kwenye bunge la kaunti si mwananchi wa kawaida, ni diwani. Na diwani husikiliza kwanza chama chake, pili mfuko wake. Mwezi ule ule wa Februari 2021 BBI ilipokuwa mbele yao, madiwani waliidhinishiwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2. Wewe huna gari la kumpa.

Ulicho nacho ni jedwali. Chapisha ukurasa mmoja kwa kila bunge la kaunti, na kama una nguvu, kwa kila wadi: "Mheshimiwa, katika wadi yako wapiga kura kadhaa wamesaini rasimu hii." Idadi tu, bila majina. Hapa Nairobi kuna wadi 85. Gawa watu wako, kila wadi ipate wakazi watatu wa kwenda kumwona mheshimiwa wao ofisini kabla rasimu haijafika City Hall. Diwani aliyeingia kwa tofauti ya kura mia nne akiambiwa watu elfu mbili wa wadi yake wamesaini, atavuta kiti. Ukiwa na milioni moja ya jumla isiyogawanyika, huna la kumwambia.

Hatua ya tisa: asilimia 20

Mkifika kwenye kura ya maamuzi, rudi kwenye jedwali uongeze safu ya mwisho. Asilimia 20 ya Lamu ni watu 16,291. Ya Nairobi ni zaidi ya 483,000. Hao ni wanaojitokeza, waunge mkono au wapinge, wote wanahesabika. Kwenye kaunti ambazo hakuna anayekupinga kwa kelele, hatari yako ni watu kubaki nyumbani wakidhani jambo limeshapita.

Na hapa mtaji wa Nairobi unageuka deni. Saini ya mtu wa Vihiga unaweza kuichukua Githurai ukaipeleka kwa IEBC kwenye sanduku la Vihiga. Kura yake huwezi. Ili ahesabike kwenye asilimia 20 ya Vihiga, lazima asafiri. Akihamishia kura yake Nairobi mapema, kabla sajili haijafungwa, utakuwa umempunguza huko na kumwongeza mahali ambapo pengine huna shida. Kwa hiyo orodha ya waliosaini Nairobi lakini wanapigia kura kwingine itunze peke yake, na wiki tatu kabla ya siku yenyewe uwafuate, uwaulize nani anasafiri.

Nilipomweleza hayo mama wa Githurai, alimalizia kukata sukuma ya mteja, akafunga, akahesabu chenji, ndipo akaniuliza: nauli ya Emuhaya, kwenda na kurudi, inatoka kwa nani? Kumwahidi nauli ili akapige kura ni kuukaribia mkono wa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi. Nikanunua nyanya za shilingi hamsini, nikamwambia nitarudi.